Franklin Roosevelt, raisi mwenye kuongoza inchi akiwa mu kiti cha magurudumu

Juma hii tunawaletea maisha ya mutu ambaye jina lake wengi walilisikiaka ku masomo: Franklin Delano Roosevelt, raisi wa Marekani toka 1933 mpaka 1945. Wengi wanajua kama aliongoza inchi yake mu vita ya pili ya dunia. Wachache wanajua kama toka miaka yake 39, miguu yake haikumubeba tena.

Tunamuchagua yeye juu ya sababu mbili. Ya kwanza: toka Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, hakuna kambi ya kazi bila mutu ambaye jiwe la mine, motokari ao ugonjwa vilimuondolea nguvu ya miguu, na jamaa yake inajiuliza inunue nini: kiti, magongo, ao fimbo. Ya pili: jina la Roosevelt na udongo wetu wa Katanga vilikutanaka, na mambo yale tutayaona mbele kidogo.

Mutoto wa tajiri

Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka 1882, ku Hyde Park, mu jimbo la New York. Baba yake alikuwa na mashamba na makuta mingi, na mama yake Sara hakuwa na mutoto mwingine. Alisoma ku Harvard, akaoa Eleanor mu 1905, wakazaa watoto sita, mumoja akafa akingali muchanga. Mu 1910 alichaguliwa senateri wa jimbo lake. Toka 1913 mpaka 1920 alikuwa musaidizi wa waziri wa manuari. Mu 1920 chama chake kilimuweka kwa kiti cha makamu wa raisi, lakini walishindwa. Alikuwa mutu murefu, mwenye nguvu, mwenye kupenda kuogelea na kuendesha mashua. Kila mutu aliona kama njia iko wazi mbele yake.

Mwezi wa 8, mwaka 1921

Jamaa ilikuwa mu likizo ku kisiwa cha Campobello, upande wa Kanada. Siku moja aliogelea mu maji ya baridi, akarudia nyumbani anatetemeka, akalala bila kula. Kesho yake muguu mumoja ulikuwa unalegea. Kesho kutwa ule wa pili nao. Kisha siku chache hakuweza hata kusimama.

Munganga wa kwanza mwenye sifa ambaye waliita, muzee mumoja muzoefu wa kupasua, alifikiri ni damu iliganda mu mugongo, akaagiza bibi yake amukande miguu kwa nguvu. Ilimuumiza bure. Zilipita karibu wiki mbili mbele ya munganga Robert Lovett, fundi wa magonjwa ya namna ile, kufika na kusema ni polio.

Hapa tunasimama kidogo. Polio haiko hadisi ya zamani. Toka 2017 virusi vya polio vilionekana tena mu Haut-Lomami, kisha vikafika mu Tanganyika na mu Haut-Katanga yetu. Mutoto mwenye kulegea muguu ao mukono kwa rafla, hata kama hakuanguka, sharti apelekwe ku hospitali siku ile ile. Na wale wenye kupita mu malupango na matone ya chanjo, tusiwafungie mulango.

Kiti cha jikoni

Sasa Roosevelt alikuwa sharti achague atatembea na nini. Viti vya magurudumu vya wakati ule vilikuwa vya mbao, vikubwa na vizito. Vilitengenezwa juu ya mutu mwenye kukaa siku nzima kando ya dirisha, akisukumwa na mwingine. Mu milango ya nyumba havikupita vizuri, na kugeuka mu chumba kidogo ilikuwa shida.

Makuta hayakumukosea. Angeweza kununua kile cha bei kubwa kuliko vyote. Alifanya nini? Alikamata kiti cha kawaida, kama vile cha jikoni, kisicho na mikono, akaomba fundi akiweke juu ya magurudumu. Kikawa chembamba, chepesi, chenye kupita mu kila mulango. Kwa kuwa hakikuwa na mikono, aliweza kujisogeza pembeni mwenyewe, toka kiti kile mpaka kwa kitanda, ao kwa kiti kingine cha mezani. Njo vile alikitumia: juu ya kutoka pahali mpaka pahali. Akifika, alihamia mu kiti cha kawaida na kufanya kazi.

Somo la kwanza la maisha yake njo hili. Mbele ya kununua, usiulize kwanza bei. Uliza: mutu huyu ataenda wapi, na atapitia wapi? Chukua kamba ao metre, pima upana wa mulango wa nyumba na wa choo. Kisha pima mutu mwenyewe. Akikaa, kuwe nafasi ya kidole kimoja kila upande wa kiuno. Kiti kikiwa kipana zaidi, mugongo wake utapinda na mikono haitafika vizuri ku magurudumu. Nyuma ya goti kubakie nafasi ya vidole viwili ao vitatu. Miguu ikae sawa juu ya kikanyagio, mapaja yalale yote juu ya mutoo.

Na njia? Mu Katuba na mu Ruashi, mvua ikinyesha, njia inakuwa matope. Kile kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo mbele, kinatembea vizuri paka ku sima. Ku udongo na muchanga kinazama. Juu ya njia zetu, kile chenye gurudumu kubwa moja mbele, ao ile trisikle ya kuzungusha na mikono, inasaidia zaidi kwa kwenda ku soko ao ku masomo. Lakini trisikle haiingii mu nyumba. Jamaa yenye uwezo inatafuta viwili. Jamaa isiyo na uwezo inaangalia kazi gani njo ya kwanza. Tena angalia matairi: yawe ya kipimo kile kile cha kinga za hapa kwetu, vile yule mwenye kutengeneza kinga ku kona ya barabara ataweza kuyabadilisha. Kiti ambacho vyuma vyake vya kubadilisha haviko Lubumbashi, kisha miezi sita kinakuwa pahali pa kuku kulala.

Vyuma, magongo na fimbo

Roosevelt hakutaka kubakia mu kiti tu. Walimutengenezea vyuma vya miguu, vya feri na ngozi, toka kiuno mpaka ku kiatu, na kufuli ku goti. Kufuli likifungwa, muguu unakuwa kama nguzo. Likifunguliwa, anaweza kukaa. Vyote viwili vilikuwa karibu kilo 4 na nusu. Akavipakaa rangi nyeusi vile visionekane chini ya suruali.

Mu 1922, alipojaribu kurudia ku kazi yake New York, alipita na magongo mu mulango wa jengo kubwa lenye sakafu ya mawe yenye kung'aa. Gongo likateleza, akaanguka mbele ya watu wote. Alicheka, akaomba vijana wawili wamusimamishe, akaendelea. Lakini ilichukua muda mbele ya kurudia pale. Gongo ni zuri, lakini bila mpira muzima chini yake linakuwa hatari. Ule mpira unaisha kama vile soli ya kiatu, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya kuvunjika mukono.

Mu mwezi wa 6 mwaka 1924, aliingia mu mukutano mukubwa wa chama chake ku New York. Mutoto wake James, kijana wa miaka 16, alimushika upande mumoja, gongo upande mwingine. Hatua za mwisho mpaka ku meza ya kusemea alizifanya peke yake na magongo mawili, jasho linamutoka. Watu walisimama na kupiga makofi muda murefu. Toka siku ile walijua kama hajakwisha.

Kisha alijifunza kutembea na fimbo mukono mumoja, mukono mwingine ukishika mutu mwenye nguvu. Vile njo alitokea mbele ya watu mu 1928, alipochaguliwa guvernere wa New York, na mu mwisho wa 1932, alipochaguliwa raisi.

Hata hivyo chuma hakikosi kusaliti. Mu 1936, ku Philadelphia, mbele ya umati wa watu, aliinama kumusalimia muzee mumoja mushairi, kufuli la goti likafunguka, akaanguka. Walinzi walimukamata, wakafunga kufuli, wakamupangusa vumbi, na kisha dakika chache alitoa hotuba yake kama vile hakuna kilichotokea. Sisi tunatoa hapa somo la pili: kila asubui, mbele ya kusimama, angalia kufuli, mishipi na misumari, kama vile muchimbaji anaangalia kofia na taa yake mbele ya kushuka chini.

Na juu ya fimbo: simama, acha mukono uning'inie. Kichwa cha fimbo kifike ku kiungo cha mukono, pale saa inakaa. Fimbo inashikwa mukono wa upande wa muguu muzima, haiko upande wa muguu mugonjwa. Watu wengi wanakosea pale. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili ao vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Mwenye kujilaza juu ya kwapa, mikono yake itaanza kufa ganzi.

Maji ya moto ya Warm Springs

Mu 1924 alisikia habari ya pahali ku Georgia, Warm Springs, pale maji ya digri karibu 31 yanatoka mu udongo. Mu maji yale mwili ulikuwa mwepesi, miguu ikaweza kusogea kidogo. Alipapenda sana, mpaka mu 1926 akanunua pahali pote na sehemu kubwa ya mali yake, na mu 1927 akafungua pale kituo cha wagonjwa wa polio. Maji hayakumuponyesha. Lakini pale aliona kitu kingine: nyumba zisizo na ngazi, meza zenye urefu wa kufaa, watu wote wakitembea namna moja, hakuna mwenye kumuangalia mwenzake kwa huruma.

Tuseme na upande mubaya. Kituo kile kilikuwa cha wazungu tu. Watoto weusi wenye polio hawakupokelewa pale. Kelele zilipokuwa nyingi, ule mufuko wa polio ulitoa makuta ya kujenga kituo chao ku Tuskegee, mu Alabama, chenye kufunguliwa mu 1941. Wazee wetu wenye kuishi Elisabethville ya wakati ule, wenye kujua hospitali ya wazungu na hospitali ya weusi, hawatashangaa.

Nyumba bila kutumainia umeme

Roosevelt aliogopa moto kuliko kitu chote, kwa kuwa hakuweza kukimbia. Kwa hiyo alijizoeza kutambaa chini mpaka ku mulango. Na ku nyumba yao ya Hyde Park kulikuwa kisanduku cha kupandisha mizigo toka chini mpaka gorofani, chenye kuvutwa na kamba. Yeye aliingia mule na kiti chake, akavuta kamba na mikono yake mwenyewe mpaka juu. Uwezo wa kuweka mashine ya umeme ulikuwako. Alikataa: umeme ukikatika wakati wa moto, angefungiwa mule ndani.

Sisi wa Lubumbashi, wenye kujua tabia ya courant yetu, tunaelewa upesi. Ukipewa kitanda cha kupanda na kushuka kwa umeme, ao mashine ya kusaidia kupumua, swali la kwanza ni: umeme ukipotea usiku muzima, mugonjwa atafanya nini? Kitanda chenye kuzungushwa na mukono kinaweza kushinda kile cha umeme. Na vitu vya maana zaidi havina hata waya: mbao pana ya kupandisha kiti mu mulango badala ya ngazi, chuma kilichofungwa ku ukuta wa choo juu ya kushika, kiti chenye tundu na ndoo chini juu ya usiku. Fundi wa sudure wa cité anaweza kuvifanya vyote, ukimupelekea vipimo.

Alikuwa pia na motokari ya Ford yenye kutengenezwa ginsi ambayo breki na mafuta vyote vilikuwa ku mikono. Aliiendesha mwenyewe mu mabarabara ya Georgia na ya Hyde Park. Wenye kumujua walisema kama mu motokari ile alikuwa mutu huru.

Roosevelt na udongo wa Shinkolobwe

Mu mwaka wa 1939, mwalimu Albert Einstein alimuandikia barua kumuonya kama watu wa Ujerumani wanaweza kutengeneza bomu la namna mupya, na kama uranium ya maana sana iko mu Kongo ya Wabeleji. Kongo ile ilikuwa ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, mine ya Union Minière. Mukubwa wa kampuni ile, Edgar Sengier, alituma mu 1940 zaidi ya tani 1 000 za mawe yale ku New York, na mu 1942 serikali ya Roosevelt ikayanunua. Mawe yale wazee wetu waliyachimba na kuyabeba na mikono yao, bila kuambiwa ni ya nini wala hatari gani iko ndani. Raisi mwenye kukaa mu kiti cha magurudumu alitoa ruhusa, na mikono ya Katanga ikafanya kazi. Bomu lilianguka ku Hiroshima mu mwezi wa 8 mwaka 1945, na yeye alikuwa amekwisha kufa.

Ni wakati wa Roosevelt vilevile mutu wa mine mumoja alibadilisha kiti cha magurudumu mu dunia yote. Herbert Everest alikuwa enjeniera wa mine mu Marekani. Mu 1918 ajali ya mine ilimuvunja mugongo. Alichoka na kiti kizito chenye kukataa kuingia mu motokari. Pamoja na rafiki yake Harry Jennings, fundi wa mashine, walitengeneza, mu mwanzo wa miaka ya 1930, kiti cha mabomba ya chuma chenye kukunjwa katikati kama herufi X. Kile kiti chenye kukunjwa ambacho tunakiona leo mu hospitali zetu zote, babu yake ni kile. Kilitoka mu kichwa cha mutu mwenye kuumia mu mine, sawa na ndugu zetu.

Siri, na mwisho

Muda wote wa miaka 12 ya uongozi, Roosevelt alificha hali yake. Walinzi waliwazuia wapiga picha, na picha zenye kumuonyesha mu kiti chake ni chache sana. Aliogopa watu watasema inchi haiwezi kuongozwa na mutu asiyeweza kusimama. Lakini mu 1938 alianzisha mufuko wa kupigana na polio, na watu wadogo wadogo walimutumia senti 10 kumi mu barua, mpaka ofisi ikajaa. Makuta yale yalilipia vyuma vya miguu, mashine za kupumulia, na masomo ya waganga. Njo yalilipia kazi ya chanjo ya Jonas Salk, yenye kutangazwa tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 1955.

Mu 1944, ku hospitali ya jeshi ya Hawaii, aliomba asukumwe polepole mu kiti chake, kati ya vitanda vya askari wenye kukatwa miguu, vile wamuone. Na mu mwezi wa 3 mwaka 1945, kisha kurudia toka mukutano wa Yalta, alisema mbele ya wabunge akiwa amekaa, akaomba wamusamehe, akaeleza wazi uzito wa chuma chenye kuwa ku miguu yake. Wiki sita kisha, tarehe 12 mwezi wa 4, alikufa ku Warm Springs, mushipa wa kichwa ukipasuka. Alikuwa na miaka 63. Mu 2001, kisha wenye kilema kudai sana, sanamu yake akiwa mu kiti cha magurudumu iliwekwa ku Washington, mbele ya watu wote.

Sisi tufanye nini

Roosevelt alikuwa na makuta, na wengi wetu hatuna. Lakini kile kilichomusaidia zaidi hakikuwa cha bei: kilikuwa cha kipimo chake. Kwa hiyo, mwenye kilema mwenyewe awe pale wakati wa kuchagua. Ajaribu, akae saa moja, aseme pale panamuumiza. Yule ambaye mugongo ulivunjika na hasikii tena miguu, asikae hata siku moja bila mutoo muzuri wa povu nene. Ajiinue na mikono kila kisha dakika 20 ao 30, na jioni jamaa imuangalie ngozi ya matako na ya visigino. Kidonda cha kukalia kimeua wengi.

Na juu ya makuta: mufanyakazi mwenye kuandikwa ku CNSS, akiumia ku kazi, sheria ya mwaka 2016 juu ya usalama wa jamii inamupa haki ya kupewa vyombo vya mwili, kuvitengenezewa na kubadilishiwa. Mwajiri eko na lazima ya kutangaza ajali. Shika kopi ya karatasi ile ya kutangaza, karatasi ya munganga na ya mushahara. Weka pahali pamoja mu nyumba, bibi naye ajue wapi. Iko pia sheria ya mwezi wa 5 mwaka 2022 yenye kulinda haki za watu wenye kilema. Wale wenye kuchimba na mikono, tunaoita creuseurs, wengi hawaandikwi pahali popote: kwa hao, koperative iweke mufuko mbele ya ajali, kwa sababu kisha ajali kila mutu anakimbia.

Kama mu lupango yako eko mutu anangojea, anza kesho asubui na ile kamba ya kupima mulango.